Siku Tano Kwenye Jangwa la Mjomba Nikolao

Kwa miaka saba Bibi Julia alikataa kwenda kuiona bustani ya mdogo wake. Alikuwa mjane wa katekista, mwenyekiti wa umoja wa akina mama wa kanisa pale Masasi, na kila barua ilipofika kutoka Newala alikuwa na neno lake lile lile: Nikolao alikwenda vitani na akili zake zote, akarudi na miiba.

Hakuwa anatania. Shamba ambalo Nikolao alilijaza miiba lilikuwa ekari tatu za marehemu mama yao, kule Chilangala, juu ya uwanda wa Makonde. Kwa desturi ya kwao ardhi ya mama huangaliwa na mjomba, lakini wenyewe ni watoto wa dada. Julia alibakiwa na mtoto mmoja tu, Maria, aliyeolewa na Mwalimu Edmund wa shule ya misheni. Kwa hiyo, kama Julia alivyoliona jambo hilo, shamba lilikuwa la Maria na wajukuu. Majirani waliopakana nalo walikuwa wamepanda mikorosho tangu zamani na wengine wameshaezeka bati, na la kwao limeota dungusi kakati, mimea ya miiba ya jangwani.

Mwaka 1953 ikaja barua yenye habari mpya. Dereva mmoja aitwaye Safari, aliyekuwa jeshini pamoja na Nikolao, alikuwa akiendesha lori kwenye mradi wa karanga kule Kongwa. Alipohamishiwa Nachingwea alisafiri na kifaranga wa mbuni ndani ya sanduku la spana, akamletea rafiki yake kama zawadi. Kifaranga huyo sasa alikuwa dume zima, mrefu kumpita mtu. Nikolao alimwita Karani, kwa sababu alitembea ameinua shingo kama mtu anayekwenda bomani na mafaili kwapani.

Mwalimu Edmund alipomaliza kuisoma barua hiyo mezani, watoto wake waliacha kula. Ethel alikuwa na miaka kumi, na Cuthbert sita. Kwa wiki mbili hawakuwa na mazungumzo mengine. Cuthbert alitembea nyumba nzima ameinua shingo, akajigonga mlangoni mara mbili, mpaka Maria akasema basi, likizo ya Septemba wataenda.

Julia akasema naye atakwenda. Si kwa ajili ya ndege, akawaeleza. Anakwenda kumwambia Nikolao ana kwa ana ang'oe takataka zake kabla mvua hazijaanza. Siku ya safari alivaa gauni la Jumapili, akajifunga kilemba, na kifuani akabandika beji ya fedha ya umoja wa akina mama, ile aliyovikwa kanisani mbele ya watu wote miaka kumi na miwili nyuma. Alitaka mdogo wake aone anazungumza na nani.

Walipanda lori la mfanyabiashara lililobeba chumvi na vitambaa. Julia alikaa mbele na dereva, wengine juu ya magunia. Lori lilipoanza kuukwea mlima wa Newala, watoto walihesabu kona, na kila kona nchi ya Masasi iliyokuwa chini yao ilizidi kuwa ndogo, ile milima yake ya mawe ikibaki kama vichuguu. Kutoka Newala walikwenda kwa miguu. Njiani walipishana na wanawake wakirudi kutoka bondeni, mmoja nyuma ya mwingine, mitungi na madebe ya maji vichwani, shingo zimenyooka, hawana pumzi ya kusalimu kwa kirefu. Julia aliondoka huko akiwa na miaka kumi na minane. Hakuwahi kuficha kwamba moja ya sababu zilizomfanya ampende marehemu mumewe ni kwamba nyumbani kwao Masasi palikuwa na kisima.

Nikolao aliwangoja kwenye lango. Juu ya lango alikuwa amepigilia ubao ulioandikwa kwa rangi nyeupe, JANGWANI. KARIBU UTEMBEE. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi chache, na kofia ya jeshi iliyopoteza rangi.

"Shikamoo, dada," akasema, akivua kofia.

"Marahaba," Julia akamjibu, macho yake yakiwa yameshapita begani kwa Nikolao, yanakagua shamba la mama yake.

Hakika halikuwa kama shamba lolote alilowahi kuliona. Njia ya mchanga mweupe ilipita katikati, imepangwa mawe pande zote mbili. Upande mmoja ilisimama midungusi kakati mirefu kama watu walionyoosha mikono juu, upande wa pili mishubiri imechanua maua ya rangi ya kaa la moto, ndege wadogo wamejaa humo wakinyonya. Palikuwa na minyaa, palikuwa na mkonge, palikuwa na mti mfupi mnene chini kama chungu, hauna hata jani moja lakini umefunikwa maua mekundu. Kila mmea ulikuwa na kipande cha bati kilichoandikwa jina lake na mahali ulipotoka. Mwisho wa njia ilikuwapo mitende mitatu. Nikolao aliwaeleza kwamba alitoka Misri na kokwa saba za tende mfukoni, akazipanda zote, na hizo tatu ndizo zilizokubali kuwa Wamakonde.

Watoto walicheka. Julia hakucheka. Alikuwa akihesabu kimoyomoyo mikorosho mingapi ingeenea hapo.

Wakaonyeshwa kobe sita waliokuwa wamelala chini ya mawe, kenge aliyependa kuota jua juu ya gogo, na nungunungu ambaye mchana kucha hakutoka bandani, Cuthbert akaridhika kuokota mwiba wake mmoja. Kisha wakafika kwenye ua mpana wa miti na kamba za katani, na humo ndimo alimokuwa Karani, mweusi, mabawa yenye ncha nyeupe, miguu mitupu kama ya mzee aliyekunja suruali. Alikuja mbio kuwaona. Watoto wakarudi nyuma ya baba yao, na Mwalimu Edmund naye akarudi nyuma hatua moja, ingawa baadaye alikana.

Julia peke yake hakurudi nyuma. Alikwenda mpaka kwenye ua, akawageukia wajukuu na kuwaambia wasiogope, yule ni kuku tu aliyekosa adabu ya kuacha kukua. Alikuwa bado anasema hivyo wakati Karani aliposhusha shingo juu ya ua, akamtazama kifuani kwa jicho moja, akaidonoa ile beji, na kumeza.

Wote waliiona ikishuka. Shingo ya mbuni ni ndefu, nayo beji haikuwa na haraka. Ilionekana kama uvimbe mdogo unaoteremka polepole kutoka kooni mpaka kifuani, kisha ikapotea. Bibiana, mke wa Nikolao, alijifunika mdomo kwa kanga. Ethel alisema baadaye kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwona bibi yake akifungua mdomo pasitoke neno.

Neno lilipotoka lilikuwa moja tu: Julia hataondoka Chilangala bila beji yake. Baada ya wiki mbili ulikuwa mkutano wa akina mama wa wilaya nzima, na yeye ndiye wa kuufungua. Nikolao alimweleza kwa upole jinsi tumbo la mbuni lilivyo, kwamba hula mawe na kuyaweka kwenye firigisi ili yamsagie chakula, kwa hiyo huenda beji ikatoka kesho, huenda ikatoka baada ya mwezi, huenda isitoke. Julia alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwao kuku akimeza kitu cha mtu hapaitwi mkutano.

Watoto walielewa upesi kuliko watu wazima. Cuthbert alianza kulia, na Ethel akamshika mama yake mkono. Nikolao alisimama, kofia mikononi, akimtazama ndege wake ambaye sasa alikuwa akidonoa vifungo vya shati la Mwalimu Edmund bila mafanikio.

"Dada, amekula kitu chako nyumbani kwangu," akasema. "Ukisema achinjwe, nitamchinja mwenyewe."

Julia hakutegemea jibu hilo. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Maneno ya ubishi alikuwa nayo ya miaka saba. Akamtazama mdogo wake, akaona kwamba hasemi kwa hila, angefanya kweli.

"Nitakujibu kesho," akasema, akaingia ndani.

Asubuhi Bibiana alichukua debe lake kwenda bondeni, na Julia akasema atafuatana naye. Maria alijaribu kumzuia, akimkumbusha magoti yake, lakini Julia alikuwa ameshajipigia kata ya kanga kichwani. Walishuka taratibu kwenye kile kijia cha mawe ambacho Julia alikijua tangu akiwa mtoto, akikumbuka hata jiwe ambalo mama yao alizoea kukalia ili apumzike. Chini walingoja zamu yao, wakajaza, wakaanza kupanda. Nusu ya njia magoti ya Julia yalikataa, wakakaa.

Hapo ndipo alipomuuliza Bibiana swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu. Alitaka kujua mumewe alikuwa na nini kichwani alipoanza yale mambo.

Bibiana alimwambia kwamba Nikolao alipokuwa Misri, siku moja ya mapumziko yeye na Safari waliingia kwenye bustani moja nje ya mji, ukingoni kabisa mwa jangwa. Ilikuwa na wanyama wa jangwani na mimea ya jangwani, na watu wa mji walikuja humo na wake zao na watoto wao, wakatembea, wakakaa, wakatazama, wakaenda zao. Nikolao aliporudi alimsimulia mkewe habari za vita kwa jioni mbili tu, lakini habari za bustani ile alimsimulia mwaka mzima. Alisema huku kwetu mtu akionekana njiani, basi ana jembe au ana debe. Alitaka pawepo mahali pamoja juu ya uwanda ambapo mtu anaweza kuja na watoto wake mikono mitupu.

"Mimi nikamwambia, bustani inataka maji, na maji ni shingo yangu," Bibiana akasema. "Akafikiri siku nyingi. Ndipo akaanza kutafuta miiba. Wifi, tangu siku hiyo sijapandisha mlima huu debe hata moja la kumwagilia maua."

Julia alisugua magoti yake. Baada ya muda aliinuka, wakabebeshana, wakapanda kilichobaki.

Alasiri hiyo walikuja wageni. Alikuwa mkulima mmoja Mwislamu kutoka upande wa Tandahimba, amevaa kanzu safi, na mkewe, na watoto wanne waliopakwa mafuta mpaka magoti. Walikuwa wamelala kwa ndugu Newala ili tu wafike hapo. Nikolao aliwasalimu, akawaacha wajitembelee wenyewe. Julia alikaa kivulini akichambua mboga, akiwatazama. Watoto walikimbia mpaka kwa kobe na kurudi, mpaka kwa kobe na kurudi. Baba mtu alimbeba mdogo begani amwonyeshe mbuni. Mke alitembea nyuma kidogo kwa mazoea, mume akasimama kumngoja, wakaenda pamoja bega kwa bega kwenye ile njia ya mchanga, mikono yao haina kitu, wakizungumza jambo lililowachekesha wote wawili.

Julia aliishi kwenye uwanda huo miaka kumi na minane, na hakukumbuka kumwona baba yake na mama yake wakitembea hivyo hata siku moja.

Wageni walipoondoka alimwita Nikolao, akamwambia amwache ndege wake. Alisema hivyo huku akiendelea na mboga, kama mtu anayeagiza chumvi. Nikolao akashukuru, akaenda nyuma ya nyumba, na Ethel aliyemfuata alikuta babu yake huyo amekaa juu ya gogo, amejifunika uso kwa kofia, anacheka peke yake.

Siku zilizofuata zilikuwa na kazi moja kubwa. Kila asubuhi Mwalimu Edmund, aliyekuwa akifundisha hesabu na sayansi ya viumbe, aliingia uani na kijiti, akachokonoa kinyesi cha mbuni kwa utaratibu, huku Ethel akiandika kwenye daftari kilichopatikana. Siku ya tatu yalipatikana mawe tisa, na kipande cha chupa kilichosuguliwa mpaka kikawa laini kama lozi. Siku ya nne ilipatikana risasi tupu ya bunduki, ambayo Nikolao alisema alikuwa akiitafuta tangu mwaka uliopita, na kifungo ambacho Mwalimu Edmund alikitambua. Alijitazama shati, akahesabu vifungo, akaendelea kuchokonoa. Majirani waliposikia walianza kupita kuuliza habari, na kila aliyepita aliingia, na kila aliyeingia alitembea mpaka kwenye mitende na kurudi. Julia ndiye aliyewapokea, kwa kuwa Nikolao alikuwa na kazi za kobe. Alisimulia jinsi beji ilivyoshuka shingoni, na alivyozidi kusimulia ndivyo ilivyozidi kuchukua muda kushuka.

Alisoma pia vile vipande vya bati. Kimoja kilikuwa na kosa la herufi, akamtuma Ethel akirekebishe. Jioni ya siku ya nne alionekana anabishana na mgeni mmoja kuhusu mshubiri, akimwambia kwa uhakika kabisa kwamba majani yake yanatibu tumbo, mgeni akisema yanatibu ngozi, wakakubaliana kuyajaribu kwa mtu mwingine kwanza.

Siku ya tano asubuhi Mwalimu Edmund alipiga kelele kutoka uani, jambo ambalo si kawaida yake. Beji ilikuwa imetoka. Pini ilikuwa imepinda, na mawe ya firigisini yalikuwa yameisugua hata maandishi hayakusomeka vizuri, lakini iling'aa kuliko ilivyowahi kung'aa. Bibiana akaiosha kwa majivu mara tatu. Julia akaipokea juu ya kitambaa, akaitazama, akasema hata sonara asingeweza.

Lori lilikuwa linarudi Masasi siku iliyofuata. Kwa hiyo mchana huo, baada ya chakula, Julia alisema kuna jambo lililomleta, nalo bado halijasemwa. Watoto wakaambiwa waende kwa kobe, wakaenda mpaka mahali ambapo bado wangeweza kusikia.

Julia alieleza bila ukali. Alisema sasa ameiona bustani, ameelewa ilivyokuja, na hana tena neno baya juu yake. Lakini shamba ni la watoto wa dada, na yeye ameahidi kuwaachia wajukuu kitu cha kuwasomesha. Nikolao akajibu kwamba anajua shamba si lake. Alisema amekuwa akiogopa siku hii tangu mwaka wa kwanza, na kama uamuzi ni kung'oa, anaomba muda wa kumtafutia Karani mahali.

Ndipo Maria, aliyekuwa akikusanya sahani, akaziweka chini.

"Mama, na wewe Mjomba," akasema. "Miaka saba mnagombania shamba langu. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi."

Wote wawili walimtazama kana kwamba ameingia sasa hivi. Maria alikuwa mtu wa maneno machache, na mumewe alijua kwamba akianza ni heri umwache amalize. Alisema anataka ile ekari moja iliyo upande wa barabara, ambako hakuna kitu ila banda la nungunungu na mkonge uliopandwa ovyo. Hapo mvua zikianza itapandwa mikorosho, na Mjomba ataiangalia kama anavyoangalia mingine ya upande wa mkewe. Ekari mbili zilizobaki ni bustani, na zitaendelea kuwa bustani, kwa sababu yeye amezipenda. Siku hizo tano amepumzika humo zaidi ya alivyowahi kupumzika tangu alipoolewa. Mwalimu Edmund akatazama chini hapo, lakini Maria hakuwa anamlaumu.

"Na wanangu ndio warithi wangu," akamalizia. "Waulizeni wanataka nini."

Haikuwa lazima kuwauliza, maana Cuthbert alikuwa ameshatokea nyuma ya mshubiri akisema anataka mbuni.

Nikolao alimgeukia dada yake. Julia aliikunjua ile pini ya beji kwa vidole. Kisha akauliza nungunungu atahamishiwa wapi. Nikolao akasema karibu na mitende. Julia akasema hapo pana jua kali mno, ahamishiwe chini ya mnyaa mkubwa. Na kaka na dada wakainuka wakaenda kupatazama, wakibishana juu ya kivuli, na hawakurudi mpaka chai ilipopoa.

Mikorosho ilipandwa Januari. Julia aliufungua mkutano wake wa akina mama kwa hadithi ambayo haikuwa kwenye ratiba, na Septemba iliyofuata alirudi Chilangala mwenyewe, bila kusubiri wajukuu, akakaa miezi miwili. Alizoea kuwapokea wageni langoni, kwa sababu Nikolao alikuwa mpole mno na watu wengine walipanda juu ya kobe.

Jumapili moja walikuja wanawake watano kutoka Lisekese, upande wa Masasi, waliokuwa wamekwea uwandani kwa harusi. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni, alitembea njia yote akitazama huku na huku kwa mashaka, mwishowe akamwuliza Julia hapa panavunwa nini hasa.

"Hapavunwi kitu," Julia akamwambia. "Umekuja kutembea. Tembea."

Yule mama alisimama kidogo kama anayengoja sehemu ya pili ya jibu. Ilipokosekana, alimfungua mtoto mgongoni, akatandika kanga chini ya mtende, akamlaza, naye akakaa pembeni yake na kunyoosha miguu mbele.